Kubadhi la Thabit

Bakhit Hilari alikuwa na tabia moja ya kuchosha: hakusema jambo asiloliona. Ukimuuliza kama mvua imenyesha, atakwambia ardhi imelowa. Watu wa Matrah, bandari ya jirani na Maskati, walimcheka kwa hilo. Yeye hakujali, maana kazi yake ilimtaka awe hivyo hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa katika hospitali ya wamisheni, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja na darubini ya kutazamia damu. Mtu akija na homa, Bakhit humtoboa kidole, hupaka tone la damu juu ya kipande cha kioo, kisha huinama kutafuta vidudu vya malaria. Daktari Mmarekani aliyemwajiri alimpa sharti moja tu. Atazame sehemu mia za kile kioo, moja moja, na asipoona kitu asiandike "hakuna". Aandike "havikuonekana". Bakhit alilipenda sharti hilo mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alikuwa mtu wa Mbweni, Unguja, Mkristo tangu babu yake, aliyekombolewa utumwani na kubatizwa huko. Rafiki yake wa utotoni alikuwa Thabit, mtoto wa Kiarabu, karani wa bandarini. Januari ya mwaka 1964 watu wenye silaha walimchukua Thabit nyumbani kwake. Bakhit, wakati huo dresa, mfunga vidonda wa hospitali mjini, alimficha mke wa Thabit, Mahbuba, chumbani kwake siku kumi na moja. Majirani walipojua, yeye pia akawa hana pa kukaa. Miezi michache baadaye wakapanda meli moja kwenda Maskati, kwa barua ya Marhoon, kaka yake Thabit, mwenye duka la vitambaa Matrah.

Kabla ya kuondoka, Bakhit alimtafuta rafiki yake. Nje ya mji alikuta shimo lililofukiwa kwa haraka na kumwagiwa chokaa. Kando ya udongo lilichomoza kubadhi la mguu wa kushoto, limeshonwa kwa uzi mweusi wa kushonea vidonda, mishono mitano. Mishono ile ilikuwa ya mkono wake mwenyewe Bakhit, ndiye aliyemshonea Thabit lilipokatika. Hakujua kama kubadhi lile lilikuwa na mguu ndani yake au la, kwani wenye bunduki walimfukuza kabla hajainama. Alimwambia Mahbuba vile vile alivyoona, hakuongeza wala hakupunguza.

Maskati, Mahbuba aliishi kwa Marhoon, huko Sidab. Hakuwa mke wala mjane, na hakuna maisha mabaya kama hayo. Alishona kofia, akapika, akangoja. Kila Ijumaa baada ya sala, Bakhit alikuja kunywa kahawa, na Marhoon, aliyependa ubishi kuliko chakula, humchokoza juu ya dini yake.

"Wewe unahesabu vijidudu mchana kutwa," alimwambia siku moja. "Unaaminije kuwa maiti kafufuka?"

"Maiti hafufuki, Bwana Marhoon. Hilo nnalijua kuliko wewe, mie nimewaosha wengi. Darubini hunionyesha mambo yanavyokwenda kila siku. Lakini jambo lililotokea mara moja tu, darubini haina la kusema. Hilo wanaulizwa watu waliokuwapo."

"Watu wana uongo."

"Wanao. Ila muongo hutaka faida. Wale waliosema wamemwona walipata nini? Walipigwa, wakafungwa, wakauawa, na hapana aliyesema tumetunga. Tena wa kwanza kusema walikuwa wanawake, enzi ambayo neno la mwanamke barazani halikuwa na uzito. Ingekuwa habari ya kutunga, wangetafuta shahidi wa maana."

"Ahsante, kaka Bakhit," alisema Mahbuba akimimina kahawa. "Leo umetuheshimu."

Wakacheka. Marhoon hakukubali hata robo ya maneno yale, imani yake ilikuwa na majibu yake, lakini moyoni alimheshimu mtu anayejua kwa nini anaamini anachoamini.

Mwaka 1966 akatokea Ghanim. Alikuwa fundi seremala, aliyefiwa na mke, mwenye mtoto mmoja wa kike, mpole, na alimtaka Mahbuba. Mahbuba naye alimtaka, alimwambia Marhoon waziwazi, bila ya haya. Lakini Ghanim alikuwa amepata kazi Kuwait na safari ilikuwa baada ya miezi sita. Kama kifo cha Thabit kingethibiti, Mahbuba angekaa eda na muda ungemtosha. Kama hakikuthibiti, kadhi alitaka miaka minne itimie tangu Thabit apotee.

Marhoon akamfuata Bakhit hospitalini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafunga mlango wa kile chumba.

"Nimesema na kadhi. Atakusikiliza, ijapokuwa wewe Mnasara, kwa kuwa hapana mwengine aliyekuwapo. Mwambie ulimwona Thabit."

"Sikumwona. Niliona kubadhi."

"Uliloshona wewe."

"Siku zile watu waliporwa hata viatu, Bwana Marhoon. Na wengine walikimbia miguu mitupu."

Marhoon akakaa juu ya kasha. Alionekana amechoka. "Huyu ni ndugu yangu, tumbo moja, na mie nnakwambia kafa. Kila Ijumaa unanambia habari za kaburi tupu na sanda zilizoachwa. Sanda zikutoshe, kubadhi la ndugu yangu lisikutoshe?"

Neno hilo lilimwingia Bakhit mpaka kwenye mfupa.

"Sanda peke yake zisingenitosha. Walikuwapo waliosema tumemwona. Mie siwezi kusema nimemwona."

"Hutapata hata pesa kwa uongo huu. Ni huruma tu."

Hapo ndipo Bakhit alipoogopa, na aliogopa kweli. Miaka yote alikuwa akijiambia kwamba mtu asiye na faida hana sababu ya kudanganya. Na sasa yeye mwenyewe, bila ya faida yoyote, alikuwa na uongo mzuri mdomoni, uongo wa mapenzi, na kidogo tu autoe. Kama yeye angeweza, basi na mashahidi wa lile kaburi tupu wangeweza. Aliona kwamba akiutoa, hataweza tena kuwaamini mashahidi wake, kwa sababu atakuwa anajua jinsi ushahidi unavyopikwa na watu wema. Nami nasema hivi: kama angekuwa na akili kidogo ya dunia, angeutoa, kisha akatubu.

Mbele ya kadhi aliulizwa, "Uliuona uso wake?"

"Sikuuona."

"Uliona mwili?"

"Haukuonekana. Niliona kubadhi lake."

Kadhi, mzee mwenye upole, akasema kubadhi si mtu, na miaka minne itimie. Mahbuba alikuwa nyuma ya pazia. Hakulia. Ghanim alisafiri peke yake, na mwaka wa pili ikaja habari kwamba ameoa huko huko.

Miaka minne ikatimia. Kadhi akamfungua Mahbuba, naye akakaa eda yake, akavua nguo za eda, na hapana aliyebisha hodi. Wanawake wa mtaa walianza kusema ana mkosi. Macho yakaanza kumpunguka kwa kushona kofia za watu. Bakhit aliendelea kuja kila Ijumaa, na kahawa iliendelea kumiminwa.

Mwaka 1970 mambo ya nchi yalipobadilika kwa kuja sultani mpya, watu wa Unguja waliotawanyika walianza kuingia Maskati kutoka kila upande. Mmoja wao, Amur, alikuja Sidab akiwatafuta. Alikuwa mmoja wa waliolazimishwa kuchimba lile shimo. Alimjua Thabit kwa uso na kwa jina, na yeye ndiye aliyemlaza humo. Alikumbuka hata makubadhi, kwa ile mishono.

Ijumaa ile Marhoon hakuchokoza ubishi. Alitoka nje akawaacha. Bakhit aliketi na kikombe mkononi, kahawa ikapoa.

"Shemeji," alisema mwisho, "ningejua..."

"Hukujua. Ulisema ulichokiona." Mahbuba alikuwa akishona, kofia karibu kabisa na macho. "Leo ungeulizwa tena, na huna habari za Amur, ungesema nini?"

Hata hapo Bakhit hakuweza kudanganya.

"Ningesema vile vile."

"Nnajua." Akakata uzi kwa meno. "Basi lile neno lako la mashahidi wenu, kuwa tuwaamini kwa kuwa waliteswa kwa walilosema, usinambie tena, kaka Bakhit. Wale walilipa wenyewe. La kwako nimelilipa mie."