Valvu ya boila niliyoambiwa nisiiamshe pale Kariakoo

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya, miaka yote napita tu nacheka na nyuzi zenu. Leo nimeamua kufungua mdomo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijatia chumvi, nimebadilisha jina la mtu mmoja tu. Wale wa "weka picha" mtanisamehe, sina.

Mimi ni fundi boila.

Najua Bongo ukitaja boila watu wanashangaa, na joto lote hili boila ya nini. Sasa zile shuka za hoteli mnazozikuta zimenyooka, mnadhani zinanyooshwa kwa mkono? Ni mvuke. Na mvuke unatoka kwenye boila, pipa la chuma limefungwa pande zote, linachemsha maji kwa dizeli.

Kuna dobi kubwa mitaa ya Kariakoo, chini ya ghorofa, imepakana na wauza vitenge. Kila baada ya miezi sita nilikuwa naenda kufanya service.

Mwendesha boila pale alikuwa Mzee Issa, mtu wa Newala. Ndiye aliyenipokea mjini na kunifundisha kushika spana. Udugu wa damu hatuna, lakini namwita baba mdogo.

Sasa service yenyewe ikoje? Unasafisha burner, kile kichomeo cha dizeli, na kuangalia rangi ya moto. Unatoa masizi kwenye bomba la moshi. Unamwaga uchafu wa chini, maana maji ya visima vya mjini yana chumvi, yanaacha ukoko ndani kama wa wali. Unaangalia kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani, hakijaziba. Unafungua na kuzibua kabomba kanakoenda kwenye swichi ya presha, ile inayozima moto presha ikitosha.

Halafu kuna valvu ya usalama. Iko juu kabisa, ina kamkono kake. Vingine vyote vikigoma, hiyo ndiyo inafunguka yenyewe na kutoa mvuke nje. Kuijaribu ni kuinua kale kamkono, ipige kelele, unaachia. Sekunde tano.

Narudia, sekunde tano.

Ila sisi mafundi tuna lugha yetu. Valvu isiyoinuliwa muda mrefu tunasema imelala, na kuinua ndiyo kuiamsha. Iliyolala sana ukiiamsha mara nyingi hairudi vizuri, inabaki inavuja. Hapo tajiri anakwambia umemharibia, kazi inasimama, lawama zote zako. Kwa hiyo tunaiacha ilale, kwenye fomu tunapiga tiki. Mafundi mliomo humu mnanielewa, msijifanye hamjui.

Siku hiyo nilifika asubuhi. Shikamoo, marahaba, akanimiminia chai. Nikapanda ngazi, nikashika kamkono.

Mzee akasema kutoka chini, "Hiyo usiiamshe mwanangu. Shuka za hoteli hizo hapo, tajiri anazitaka saa nane."

Nikashuka.

Ningembishia vipi mtu aliyenifundisha kazi? Hivyo ndivyo nilivyojitetea muda mrefu, na ni upuuzi mtupu. Saini ilikuwa yangu. Nikaandika: valvu ya usalama, imejaribiwa, inafanya kazi. Kale kabomba ka swichi nako sikukafungua, nikapiga tiki. Niliandika huku natafuna chapati, nimekalia furushi la mashuka.

Wiki tatu hazijapita, kale kabomba kakaziba kwa ukoko. Swichi haikusikia presha, moto ukaendelea kuwaka. Mzee akaona mshale wa geji umevuka alama nyekundu, akasogea kuzima. Valvu imelala fofofo. Mvuke ukapasua kioo cha maji, na uso wake ulikuwa hapo hapo.

Jicho la kulia likaenda. Mkono ukababuka mpaka kwenye kiwiko.

Nilimkuta hospitali amefungwa bandeji nusu ya kichwa. Tajiri naye akaingia, mkononi ana fomu yangu. Akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, halafu akamgeukia mgonjwa.

"Mzee Issa, fundi aliijaribu hii valvu?"

 Mzee akasema, "Aliijaribu, nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeichezea baadaye."

Mimi nimesimama miguuni mwa kitanda. Sikusema kitu. Nilitazama ndara zake chini ya kitanda.

Mzee akaachishwa kazi kwa uzembe, akarudi Newala na jicho moja. Mimi nikaendelea kuitwa. Fundi mzuri, fomu zake safi.

Mwezi uliopita nilikwenda tena. Valvu ni mpya, iliwekwa baada ya ajali, lakini maji ni yale yale ya chumvi, nayo imeshalala. Kuna mwendesha mwingine sasa, jamaa wa makamo. Kaniona napanda ngazi tu, akasema, "Fundi, hiyo usiiamshe."

 Nikaiinua, wakuu.

Ikalia mpaka wauza vitenge wakaja kuchungulia. Nilipoachia haikurudi vizuri, ikabaki inavuja. Nikawaambia wazime, hakuna kuwasha mpaka ibadilishwe. Tajiri akashuka amefura, ananiuliza ni fundi gani mimi wa kuharibu kitu kizima.

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Tajiri, ile fomu ya kabla ya ajali nilidanganya. Mzee Issa hakuchezea chochote."

Akanitazama. "Sasa unaniambia leo ili iweje?"

Akanifukuza. Nasikia kesho yake alikuja fundi mwingine, na boila inawaka. Kama valvu ilibadilishwa sijui. Fomu najua ilijazwa.

Nikampigia Mzee Newala. Nilitaka anisifie, siwafichi. Nikamweleza yote, kwamba nimeiamsha, kwamba nimesema ukweli mbele ya watu.

 Akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, siku ile hospitali nilidhani utanibishia, useme ukweli. Nilikuwa nakusubiri."

 

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia kwa jicho la mtu mwingine: tiki uliyopiga bila kugusa kitu ni uongo, na kuna mtu anasimama mbele ya huo uongo kila asubuhi.

Wenye dobi, hoteli, hospitali, popote penye boila, muulizeni fundi wenu valvu iliamshwa lini. Msikubali fomu, mwambieni ainue mnaona. Majibu atakayowapa yaleteni hapa.

Na wa kunitukana karibuni, sitajibu. Mnayotaka kusema nimeshajiambia.