Niliifungua simu ya batani ya Bibi, siku ya tatu akafika mgeni kutoka Muleba na begi

"Amefariki saa ngapi?"

Hilo swali niliulizwa mlangoni kwa Bibi yangu, Mirongo hapa Mwanza, Jumatano moja saa kumi jioni. Aliyeuliza ni mwanamke mzee wa rika la Bibi, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye kope, begi dogo la kitambaa amelikumbatia kifuani.

Aliyekuwa akiulizwa habari zake alikuwa jikoni, anamenya ndizi.

Wakuu, nawasalimu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na sehemu kubwa yananiaibisha, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka chini.

Mimi ni binti, nimemaliza chuo, digrii ya sayansi, wakati huo nilikuwa mtaani nasubiri ajira. Nyumbani wananiita "Kwa nini", maana sikubali jambo mpaka nione ushahidi. Mchungaji ananijua. Walimu walinijua. Kukaa bila kitu cha kufanya kulikuwa kunanitafuna, natembea ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bibi anaishi peke yake. Macho yalimwishia kidogo kidogo, sasa anaona mwanga na vivuli tu. Lakini nyumba yake anaijua kwa mikono: hatua ngapi mpaka jikoni, kitasa kipi kinakwaruza, chumvi iko wapi.

Na simu anaijua kwa mikono pia.

Ni ile simu ya mezani ya zamani, nzito, rangi ya maziwa yaliyochacha, ina batani kubwa zilizoinuka. Baba mdogo aliwahi kumnunulia simu ya kupangusa. Bibi aliipapasa, akasema, "Hiki ni kipande cha kioo, kinajua nini?" Iko kwenye droo mpaka leo.

Sasa sikilizeni tatizo.

Jumamosi fundi rangi alimaliza kupaka sebule. Jumapili asubuhi Bibi akainua mkono wa simu ili apige, akabonyeza, kimya. Akamtuma jirani anipigie. Mchana nikawa nimefika, na baba mdogo naye akafika kutoka Kiseke.

Simu ilikuwa inaita. Ukipokea, unasikia vizuri na unasikika vizuri. Ukiinua, ule mlio wa laini upo. Ila ukibonyeza batani yoyote, hakuna sauti. Mlio wa laini unaendelea tu, kama hujagusa kitu. Batani zote kumi na mbili.

Baba mdogo hakutaka maelezo mengi.

"Mama, mwaka jana ulianguka bafuni, ukajikokota ukanipigia kwa hii hii simu. Tulikubaliana: ukiweza kupiga, utakaa hapa. Huwezi kupiga, unahamia kwangu. Nakupa mpaka Jumapili ijayo."

"Kwako sijui hata ngazi ziko wapi," Bibi akasema.

"Utazoea, mama."

Bibi alikuwa anaupapasa ukingo wa meza, taratibu, kama mtu anayeaga.

Nikasema niachieni mimi, siku moja tu inatosha. Wakuu, ningejua.

Bibi akaniambia, "Tangu yule fundi rangi aondoke jana, inapokea lakini haipigi. Anza na ukuta."

"Bibi, rangi haiingii kwenye simu."

"Sijasema rangi. Nimesema ukuta."

Nikatabasamu lile tabasamu letu sisi wasomi. Kichwani nilishatoa hukumu: kitu kimetokea baada ya kingine, basi mzee anadhani kimesababishwa nacho. Laini ingekuwa na shida, mlio usingekuwepo. Mlio upo. Kwa hiyo ukuta hauna kesi, mtuhumiwa ni batani.

Nikachomoa simu, nikatandika gazeti mezani, nikashika bisibisi.

Bibi akasema, "Asubuhi saa kumi na mbili iwe imerudi. Nina mtu wa kumpigia."

"Nitajie namba, nitapiga kwa yangu."

Akasema, "Namba zangu haziko kichwani. Ziko vidoleni."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake wa Kihaya. Wala sikuuliza ni mtu gani. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Jumapili jioni nikasafisha migusano ya batani kwa spiriti na mswaki. Ilitoka taka ya miaka yote ya maisha yangu. Nikarudishia, nikajaribu, kimya. Nikafungua tena.

Jumatatu nikafuta kwa pamba, nikapaka penseli pale palipofifia, maana risasi yake inapitisha umeme. Kimya. Nikatoa multimita yangu niliyobaki nayo kutoka chuoni, nikapima pale ukutani. Ikasoma kama volti hamsini hivi, umeme mzuri kabisa wa laini. Mbele ya namba kulikuwa na alama ya kutoa. Nikasema aah, nimeshika nyaya za kupimia kinyume. Nikazigeuza, alama ikapotea, nikaridhika.

Isomeni tena hiyo aya. Jibu nilikuwa nimelishika mkononi, nikaligeuza ili lisinisumbue.

Jumanne nikaenda Mabatini kutafuta batani za kubadilisha. Jamaa mmoja wa vipuri aliishika sakiti yangu, akaigeuza huku na huku, akawaita wenzake waje waone.

"Dada, hii hata makumbusho wataikataa."

"Una inayofanana nayo au huna?"

"Ninayo ya kikokotoo. Bibi apigie hesabu."

Wakacheka mpaka muuza vocha wa pembeni akacheka. Nikarudi Mirongo nikitembea haraka kwa hasira, jua la Mwanza linadunda juu ya mawe ya mji.

Kila asubuhi Bibi alikuwa anaamka kabla ya saa kumi na mbili, anakaa kwenye kiti chake kando ya meza ile, mikono mapajani. "Imepona?" "Bado kidogo, Bibi." Anakaa kama nusu saa, kisha anaenda kuchemsha chai. Mimi nilikuwa nahesabu sakiti. Sikumhesabu yeye.

Ndipo Jumatano yule mama akagonga.

"Shikamoo," nilisema, maana ndicho kitu pekee kilichonijia.

"Marahaba. Amefariki saa ngapi? Mmeshamlaza au bado?"

"Nani, Bibi? Bibi yuko jikoni."

Alinisukuma pembeni kama pazia. Ni mdogo wa mwili lakini nilisukumika.

Kutoka jikoni Bibi akaita, "Hiyo ni sauti ya Koku! Waitu, nani kafa?"

"Wewe!"

"Nani kakwambia?"

"Simu yako!"

Kisha wakashikana. Bibi anampapasa uso, yule mama analia na kumtukana kwa Kihaya kwa pamoja. Mimi nimesimama na bisibisi.

Huyo ndiye Ma Koku. Zamani yeye na Bibi, jina lake Justa, walifanya kazi chumba kimoja kwenye mitambo ya simu, hapa hapa Mwanza. Nilijua Bibi "alikuwa wa simu", ila nilidhani maana yake ni kupokea simu na kusema subiri kidogo. Baada ya kustaafu Ma Koku alirudi kwao Muleba. Wote wajane, wote wanalala peke yao.

Wakawekeana utaratibu. Saa kumi na mbili asubuhi Ma Koku anabipu kwa kitochi chake, kile kisimu kidogo cha mkononi: inaita mara mbili, anakata. Bibi anamrudishia: mara mbili, anakata. Hapokei mtu. Maana yake: nimeamka, nawe umeamka, haya tuendelee na siku. Miaka yote hiyo hawakuwahi kukosa.

"Jumapili nimebipu, kimya," Ma Koku akasema. "Jumatatu kimya. Jana nikaiacha iite mpaka ikachoka yenyewe. Nikasema basi, Justa amekwenda. Leo alfajiri nikapanda basi."

Kumbe ukichomoa simu ya mezani, anayepiga bado anasikia inaita. Yeye alisikia nyumba inayoita bila mtu. Mimi nilikuwa kando ya waya huo huo nasugua batani kwa mswaki.

Ndipo akaona gazeti mezani, na simu imetawanyika juu yake.

"Nani kamchinja huyu?"

Nikainua mkono kama niko darasani. Nikamweleza kila kitu: inapokea, haipigi, batani zote. Hakungoja nimalize.

"Nani ameugusa ukuta?"

Nikahisi masikio yanapata moto.

"Justa, hukumwambia?"

"Nilimwambia," Bibi akasema, akiendelea kumenya ndizi. "Ana digrii."

Wakuu, nimewahi kufeli mtihani, lakini sijawahi kufeli vile.

Ma Koku akanieleza. Simu za batani zilipoingia, wao ndio walikuwa wanapokea malalamiko ya wateja. Fundi akifunga nyaya mbili za ukutani kinyume, mteja atalalamika vile vile: naongea, nasikia, ila sipigi. Walikuwa wanamwambia fundi hata kabla hajafunga begi lake, rudi ukageuze nyaya. Ndicho ilichokuwa inaniambia ile alama ya kutoa.

Nikarudisha simu ilivyokuwa. Ilinichukua saa nzima na skrubu moja ilibaki, ninayo kwenye pochi mpaka leo. Nikafungua soketi ya ukutani. Rangi mpya ilikuwa imepita hadi nyuma yake, yaani fundi aliing'oa ili apake vizuri, akachomoa nyaya, akazirudisha anavyojua. Nikahamisha ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Dakika mbili.

"Bibi, jaribu."

Akakaa kwenye kiti chake. Akainua mkono wa simu, vidole vikaenda vyenyewe, haraka, bila kupapasa. Kila batani ikatoa mlio wake.

Ndani ya mfuko wa sketi ya Ma Koku kitochi kikaita. Mara moja. Mara mbili. Bibi akakata.

Ma Koku akatoa kitochi, akakodoa macho kukitafuta kitufe, akabipu. Simu ya mezani ikaita mara mbili, ikanyamaza. Kila mmoja amekaa hatua tatu tu kutoka alipo mwenzake.

Jumapili baba mdogo hakungoja kufika ili ajue. Bibi alimpigia mwenyewe saa moja asubuhi, akamwambia, "Ukija, njoo na maparachichi. Mizigo yangu usije kuibeba."

Nilikuja kusoma sababu baadaye, maana sikuweza kulala bila kuijua. Batani za simu nyingi za zamani zinatumia umeme wa laini yenyewe, na sakiti yake inakubali umeme ukiingia kwa upande mmoja tu. Kengele, spika na maiki havijali upande. Simu mpya nyingi zimewekewa kinga, haziathiriki. Kwa hiyo kama una simu ya namna hiyo: batani moja au mstari mmoja ukifa, safisha batani. Zikifa zote kwa pamoja, usifungue kitu. Geuza nyaya mbili za ukutani kwanza.

Nilichojifunza zaidi ya hapo: nilijiona ninahoji kila kitu, kumbe nilikuwa nawahoji watu wengine tu. Ile alama ya kutoa sikuihoji kwa sababu ilikuwa inanihusu mimi. Na kama mzee amekwambia kitu na huoni sababu yake, muulize sababu. Bibi alikuwa nayo siku tatu nzima, tena nzuri kuliko yangu.

Haya, semeni. Nani amewahi kutengeneza kitu kizima? Na nani hapa ana simu ya batani bado inapiga?

Nimalizie na lile begi. Siku ile Ma Koku alikataa nimpokee. Bibi aliligusa, akalibonyeza kidogo, akacheka mpaka akakohoa: "Kweli umekuja nalo? Rudi nalo." Nikauliza lina nini, wakanipuuza wote wawili.

Ma Koku alifariki mwaka juzi. Bibi alijua kabla ya sisi wote, kwa sababu asubuhi ile simu haikuita. Akanituma Muleba na kifurushi kutoka kabatini kwake. Kilikuwa gauni jeupe, la kumzikia Ma Koku. Kila mmoja alikuwa anamtunzia mwenzake.

Na binti wa Ma Koku akanikabidhi lile begi dogo la kitambaa, nilirudishe kwa mwenyewe. Nilifungua nikiwa kwenye basi. Gauni jeupe, saizi ya Bibi, limepigwa pasi.

Jumatano ile alikuwa amekuja kumvisha.