Mwalimu wa Kemia na Samaki wa Wakwe

Mwalimu anayemfundisha Mi-rim, binti yangu mdogo, hesabu za besi dhaifu ana vidole vyeupe kwa chaki hata Jumapili. Jambo dogo hulipuuza. Mvua ikinyesha husema, "Kidogo mno, tuipuuze," akaingia kwangu akichuruzika maji.

Wakwe walipokuja kumposa binti yangu mkubwa, mwalimu alikuwepo kwa kipindi cha Mi-rim, adabu ikanilazimu nimkaribishe mezani. Niliandaa samaki taa aliyevundikwa, maana hapa Mokpo, Korea, taa asiyenuka amonia ni aibu ya ukoo. Mwalimu hali kabla ya kukokotoa. Akamnusa, akakadiria kwa pua amonia, ile besi dhaifu, akaandika msawazo mezani kwa kijiti cha kulia na mchuzi.

"pH mbili nukta tisa," akatangaza. "Jamani, huyu ni asidi!"

Baba wa bwana harusi akaweka vijiti chini. Taa wa asidi ni taa asiye na amonia; nikaona posa inaondoka.

"Mwalimu, hiyo ni pOH, hujaitoa kwenye kumi na nne upate pH!" Mi-rim akamkemea.

"Lo! Kumi na moja nukta moja. Besi kabisa!"

Mzee akatafuna, machozi ya amonia yakamtiririka hadi kidevuni. "Mkwe wangu," akaniambia, "tupangeni tarehe. Na mwalimu huyu akae mbali na taa wa harusi."