Salamu za Tertio, na Zangu

Mkinikuta Thika nimevuta kitambaa hadi kwenye nyusi, jueni kuna kanisa pale ambalo kwa dakika chache nilikuwa mke wa askofu, na hadi leo kuna wamama wanaoniamkia hivyo wakitaka kunichokoza. Aibu hiyo nilijitafutia mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Mimi ni karani wa kanisa letu la Ruiru, lenye matawi Thika, Githurai na Kahawa Wendani, na kazi yangu kubwa ni kuchapa maneno ya Askofu, kwa sababu Askofu hawezi kuandika akiwa ameketi, yeye hutembea kutoka dirishani hadi mlangoni akitafuna njugu na kusema, nami nakimbizana naye kwenye kompyuta (siku nyingine nimechapa hata "Njeri, hebu funga huo mlango"). Wakati huo alikuwa akifundisha kila Jumatano vitabu vya Biblia vilikotoka, na mimi niliyezaliwa kanisani sikuwa nimewahi kujiuliza. Siku moja nikamuuliza kama Paulo alikuwa akiandika barua zake mwenyewe.

"Alikuwa anasema, mwingine anaandika," akaniambia. "Fungua Warumi kumi na sita, karibu na mwisho. Utampata Njeri wa Paulo."

Nikafungua, na kweli, katikati ya salamu za Paulo kuna mtu anayeitwa Tertio anachungulia na kusema ni yeye aliyeuandika waraka, na anawasalimu. Warumi nilikuwa nimeisoma sijui mara ngapi na sikuwa nimemwona. Nikaanza kuuliza maswali kila saa ya chai. Nani aliandika Waebrania? ("Hakuna anayejua," Askofu akasema, na alionekana kulifurahia jambo hilo.) Na Mathayo je? Jina liko juu ya injili, lakini ndani hakuna mahali mtu anasema mimi Mathayo ndimi ninayeandika, na wasomi wengi husema hayo majina ya juu yaliwekwa baadaye. Nikawawaza watu wote waliokaa wakaandika hadi mkono ukauma na hatujui hata waliitwa nani, isipokuwa huyu mmoja aliyejipenyeza. Nilimpenda Tertio, nawaambia ukweli.

Basi Askofu akaalikwa semina Kisumu, akanitamkia barua ya kusomwa Jumapili katika matawi yote, nikachapa, akaipitia, akatia sahihi, akaondoka. Nikabaki na nakala zangu na nafasi nyeupe chini ya sahihi. Nikajiambia, kama Tertio alisalimia, mimi nina ubaya gani? Lakini nisemeje? "Niliyeandika barua hii" ingekuwa uongo, maneno hayakuwa yangu. "Niliyechapa" ilinikumbusha viboko vya shule. Nikapima, nikapima, mwisho nikarudisha karatasi kwenye printa na kuongeza: "Mimi Njeri, niliye pamoja naye katika kazi hii, nawasalimu katika Bwana." Nikaona nimeandika kitu safi sana.

Ambacho sikukifikiria ni kwamba mke wa Askofu alitutoka miaka michache iliyopita, na katika makanisa yetu anayetuma salamu pamoja na mchungaji ni mkewe. Tena aya ya mwisho ya Askofu ilisema Mungu amemfuta machozi, na kabla ya Krismasi wataona jambo jipya nyumbani. (Alimaanisha mabati ya kanisa. "Nyumbani" ni nyumba ya Mungu. Yeye huongea hivyo.)

Jumapili hiyo mimi mwenyewe nilikuwa Thika. Kamau, mpenzi wangu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha juisi huko na Jumapili hushughulikia spika za kanisa, na alitaka mamake anione kwanza bila kuambiwa lolote, anizoee, halafu ndiyo amwambie. Nikavaa kitenge kipya, nikakaa kando ya mamake, tukaimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo. Aliniuliza hata kwetu ni wapi. Nilitaka sana huyo mama anipende, na niliona mambo yanaenda.

Akasimama kuisoma barua mzee Wafula, mwalimu mstaafu, ambaye hata akitangaza funguo zilizopotea utasikia uchungu. Alipofika kwenye machozi kufutwa akapunguza sauti. Kisha akasoma salamu zangu. Akazirudia. Akainua macho, akaniona, mimi wa Ruiru nisiyeonekana Thika mara kwa mara, nimekaa mbele na kitenge.

"Kumbe Askofu ametuletea na mwenyewe," akasema kwenye maiki. "Mama, njoo usalimie watoto wako."

Wamama wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mamake Kamau, huku akinisukuma nisimame. Huko nyuma spika zikalia kwa ukali, kisha zikazima kabisa (Kamau).

Ningesema tu kwamba mimi si mke wa mtu, yangekwisha. Lakini kwa uoga nikaanzia mbali, nikasema mimi ni kama Tertio kwa Paulo.

"Tertio wa kwa nani?" mama mmoja akamuuliza mwenzake.

Nikaeleza kwamba si Paulo aliyeshika kalamu ya Warumi, na hapo nikaharibu kila kitu, maana mzee mmoja wa koti la kijivu aliinuka na Biblia mkononi. "Ati Paulo hakuandika? Hapa juu imeandikwa Waraka wa Paulo. Huyu mama tumeletewa ni wa dini gani?" Na badala ya kunyamaza nikamwambia hata lile jina lililo juu ya Mathayo liliwekwa baadaye, na kanisa likavuma.

Wafula akaomba utulivu, akavaa miwani, akafungua Warumi, akasoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akamsoma Tertio kwa sauti, taratibu. Ukasikia kurasa zikifunguliwa kanisa zima.

"Kumbe alikuwa hapa," mzee wa koti akasema, akaketi, kidole kikiwa bado kwenye mstari. Kwa muda walinisahau, wakawa wanaulizana wao kwa wao. Alikuwa mtumwa? Alilipwa? Paulo alijua kwamba amejiweka humo? Nami nilitaka kujua.

Mamake Kamau ndiye aliyenirudia. "Kwa hivyo wewe ni wa kuandika tu?"

"Ni wa kuandika tu, mama."

"Na Askofu?"

"Ni mkubwa wangu wa kazi."

"Sasa mimi nimepigia nini ngemi?"

"Mami," Kamau akasema kutoka nyuma, waya mkononi, "hizo ngemi usirudishe. Huyo ni wangu."

Mamake alisogea kidogo kwenye benchi, akaweka kitabu cha nyimbo katikati yetu, nikarudi nikakaa.

Jumatatu Askofu akapiga simu. "Njeri, nasikia nimeoa." Nikamwomba msamaha, nikajitetea kwamba Paulo alimwacha Tertio. "Mimi si Paulo," akasema. "Futa."

Nikafuta, na tangu hapo sijaongeza hata nukta yangu kwenye barua ya mtu. Kadi za harusi yetu nilichapa mwenyewe, na nilipompelekea mamake Kamau ya kwake aliisoma yote, akaigeuza nyuma, akaniuliza ni wapi nimesalimia.