Maiki Tatu na Sauti Moja

Kwa wiki tatu nilimdanganya mwanamke aliyenifundisha kazi.

Alikuwa msomaji wa vitabu vya kusikiliza katika studio yetu ndogo, ghorofa ya tatu katikati ya jiji, na mimi nilikuwa fundi wa sauti. Yeye alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mwalimu mstaafu, umri wa mama yangu. Nilipoajiriwa sikujua hata kuisikia pumzi iliyokatwa vibaya. Ni yeye aliyekuwa akisimama katikati ya sentensi na kuniambia turudie, kwamba hapo amemeza neno. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, jambo ambalo sikumfanyia mtu mwingine yeyote Nairobi.

Tulikuwa tumerekodi sura tisa za riwaya ndefu alipokwenda kupasuliwa tezi shingoni. Alirudi baada ya miezi miwili, mtandio ameufunga juu kuliko kawaida. Alisoma ukurasa mmoja, nami nikasikia kwenye hedifoni: kila sentensi ilipokaribia mwisho, sauti ilikwaruza, kisha ikapotea.

Aliniuliza kuna nini. Katika miezi ile mwenye studio alikuwa ameuza maiki yetu ya zamani na kununua toleo jipya la maiki ileile, lenye kikuza sauti ndani yake. Nikajishikiza hapo. Nikamwambia ni maiki, bado hatujaizoea. Alishusha pumzi, akacheka kidogo, akaniambia alikuwa ameanza kuogopa.

Kesho yake alimwendea mwenye studio akamwomba arudishe ile ya zamani. Mwenye studio akaniita kando.

"Pima hii na zile za zamani," akasema. "Kama ni maiki iko na shida, nitabadilisha. Kama ni yeye, niandikie ripoti nitafute msomaji mwingine."

Basi nikawa nimebanwa pande zote. Nikatafuta matoleo mawili ya awali. La kati niliazima katika kanisa moja mtaani kwangu, Kangemi. La kwanza kabisa lilikuwa kwa mtangazaji mstaafu huko Mutuini, limeviringishwa kwenye taulo. Nilijua jibu kabla ya kuyaunganisha. La kwanza lilidaka mvumo wa umeme kutoka kwenye kompyuta, la kati lilikuwa limekingwa zaidi dhidi ya mvumo huo, na jipya halikuhitaji kuongezwa nguvu sana. Lakini kile kifaa cha ndani kinachopokea sauti kilikuwa cha aina moja katika yote matatu. Kama kasoro ilisikika kote, basi haikuwa ya maiki.

Siku ya kupima alisoma aya moja mara tatu. Katikati niliingia kubadilisha maiki. Chumba cha kurekodia hakina dirisha la nje, na feni huzimwa ili isiingie kwenye sauti. Kila nilipoufunga ule mlango mzito nyuma yangu nilihisi hewa imeniishia.

Tukakaa kusikiliza. Akasema ya pili anaiona nzuri zaidi, nikakubali. Akauliza kuhusu ya tatu, nayo nikaisifu. Akanitazama.

"Niwekee sura ya kwanza, ile tuliyorekodi kabla sijaumwa."

Nikazungushazungusha kipanya, nikamwambia mashine imekwama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mashine haijakwama. Fungua."

Nikafungua. Alisikiliza ukurasa mzima, kiganja kimelala shingoni. Ulipokwisha aliniuliza nimejua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza, Mama."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alivuta kiti akaketi kando yangu, akataka niiandike ripoti palepale yeye akiona. Akaniambia niandike kwamba maiki zote ni nzima, nikaandika. Akaniambia niandike kwamba sauti ya msomaji imebadilika baada ya matibabu. Vidole vikanigoma. Alingoja, wala hakunihimiza, mpaka nikaandika.

Wiki iliyofuata alikuja msomaji mwingine, akaanzia sura ya kumi. Kila siku nilikaa upande wangu wa kioo nikimsikiliza mgeni akimalizia kazi ya mwalimu wangu. Kuacha kazi sikuweza, na kuipenda kama zamani pia sikuweza.

Kitabu kilipokamilika nilimpelekea nakala nyumbani kwa bintiye, mtaa wa Muthangari. Tulikisikiliza sebuleni kuanzia mwisho wa sura ya tisa, yeye na mimi. Sauti ilipobadilika hakutikisika. Baadaye alisema yule mwenzake ana pumzi nzuri, ila majina ya watu anayakimbiza.

Nilikuwa nimetoka Kangemi na maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga yote. Nilipofungua mdomo aliinuka kwenda jikoni, akaniuliza kama chai yangu naitaka na tangawizi. Nikajibu ndiyo. Yale mengine sijayasema hadi leo.