Kijiji Kilichoandikwa kwa Majina Saba

Naliaka Wakhungu alipewa kazi ambayo wenzake wawili walikuwa wameikimbia. Shirika lao dogo la chanjo, lenye ofisi juu ya duka la dawa za mifugo mjini Kitengela, lilikuwa na orodha ya watoto elfu tisa kwenye kompyuta, iliyokusanywa kwa miaka kumi na miwili. Palipotakiwa jina la kijiji, kila karani alikuwa ameandika alivyosikia. Mkuu wake, Dennis Ndolo, alitaka orodha safi kufikia Ijumaa.

"Ukiona kijiji hakitambuliki, futa," alimwambia. "Hayo ni makosa tu."

Naliaka alikulia Webuye, mbali na nchi ya Wamaasai, na Kimaasai chake kiliishia kwenye salamu. Lakini cheti chake cha kuzaliwa kiliwahi kuandikwa Nariaka, akazungushwa ofisi hadi ofisi mwaka mzima kabla ya kupata kitambulisho. Neno hilo "futa" lilimkaa vibaya. Akaamua kusoma kila mstari kwanza.

Siku ya tatu aliona Osoit Oibor. Mbele kidogo, Soitoibor. Kisha Osoit Oipor, Soiti Oibo, S/Oibor, Jiwe Nyeupe, ambayo ndiyo maana ya Osoit Oibor kwa Kimaasai, na karani mmoja alikuwa ameandika tu "kwa jiwe, ukipita Kajiado". Akalinganisha namba za simu za wazazi. Nyingi zilikuwa zilezile. Aliwahesabu watoto wote pamoja. Hamsini na wanane.

Kwa miaka minne sasa safari za gari la chanjo zilipangwa na kompyuta hiyohiyo, na kijiji chenye watoto chini ya ishirini kiliachwa. Osoit Oibor ilikuwa imekatwa vipande saba, na hakuna kipande kilichowahi kufika ishirini.

Alimpigia Kakenya, mhudumu wa afya wa kijiji hicho.

"Gari yenu tuliiona mwisho miaka nne imepita," Kakenya alisema. "Nikiuliza, naambiwa watoto wetu ni wachache. Mimi niko na watoto karibu sitini hapa. Mwaka juzi surua ilipita. Msichana wa Mama Parmuat aliugua sana. Sasa hasikii."

Naliaka alikata simu akatoka nje barazani. Hasira yake haikuwa kwa makarani. Wao waliandika wamechuchumaa juani, karatasi juu ya goti. Ilikuwa kwa watu waliokaa kwenye viti miaka minne, wakaona Jiwe Nyeupe ina watoto wanane, na hawakuuliza ni wapi.

Kwenye mkutano aliweka karatasi yenye majina yote saba mbele ya Dennis. Naye akaisoma mara mbili.

"Sawa. Gari litaenda Alhamisi," alisema. "Kwa ripoti, andika tumefungua kijiji kipya."

"Si kipya."

"Naliaka, wafadhili hawapendi kusikia mambo ya makosa."

"Na huyo mtoto asiyesikia, yeye amependa? Siandiki hivyo. Ukitaka iandikwe, andika mwenyewe uweke na sahihi yako."

Dennis hakuandika. Ripoti aliyoiandika Naliaka ilitoka ikisema kijiji kilirukwa miaka minne kwa kosa la shirika, na wiki hiyohiyo Naliaka aliambiwa kwamba mkataba wake utaangaliwa upya.

Alhamisi alipanda gari pamoja na nesi Caren. Akina mama walikuwa wamepanga foleni nje ya kanisa la mabati. Mama Parmuat alikuja na mtoto mgongoni, na msichana wa miaka saba, yule asiyesikia, akimshika shuka.

"Mbona mlipotea hivyo?" aliuliza.

Caren alianza kusema habari za barabara mbovu. Naliaka akamkatiza.

"Si barabara, mama. Tuliandika jina la hapa kwa njia saba, na mashine ikadhani ni vijiji saba vidogo. Hakuna aliyeangalia."

"Na hakuna mtu alipiga simu kuuliza?"

"Hakuna."

Mama Parmuat alimshusha mtoto, akampa Caren, akamgeuzia Naliaka mgongo mpaka sindano ikaisha. Naliaka aliona ana haki.

Dennis alipouliza Jumatatu kwa nini orodha bado haijaisha, Naliaka alikuwa kwenye simu, akimwomba mzee mmoja amtajie jina la kijiji chake polepole, herufi kwa herufi. Alimwonyesha Dennis kwa mkono asubiri.