Mzaramo Aliyetekwa Kigwa

Niliondoka Tabora mjini nikiwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo. Wiki ile, katika mazoezi ya ualimu, nilikuwa nimefundisha somo la misafara ya biashara mbele ya mkufunzi wangu wa historia, na wanafunzi wa darasa la saba walisinzia huku nikiwatazama. Mkufunzi aliniita nje, akaniambia kwa upole uliouma kuliko matusi, "Umekisoma kitabu, hukufundisha. Jumatatu anakuja mkaguzi. Utalirudia somo hilohilo mbele yake, na asiporidhika, cheti hakuna. Utarudi kwenu." Kwetu ni Kisarawe, na mimi ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile kufika chuo. Kurudi mikono mitupu sikutaka hata kukufikiria.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha wakoloni. Kilimtaja kila Mzungu aliyepita njia ile, na homa yake, na punda wake, lakini waliobeba mizigo hawakuwa na jina hata moja. Nikaapa kwamba nitalipata jina kabla ya Jumatatu. Mwenzangu wa bwenini alikuwa mzaliwa wa Kigwa, akaniambia kwao yupo bibi ambaye baba yake alikuwa mpagazi. Nikaomba ruhusa chuoni na kufunga safari.

Ijumaa asubuhi nilipita dukani kwa Muhindi kununua sukari na sabuni za kuwapelekea wenyeji, kisha nikaenda stesheni. Daraja la tatu lilijaa matenga ya kuku na magunia ya michembe, vile viazi vikavu ambavyo mtu wa Tabora hasafiri bila hivyo. Nilipata nafasi dirishani. Treni ilikuwa inaelekea mashariki, kwa hiyo nilijaribu kuuona msafara ukija mbele yangu katikati ya miti ya miombo, mtu nyuma ya mtu, na mizigo mabegani. Sikuona kitu ila vumbi na mbuzi.

Adhuhuri, Kigwa. Nilipokelewa na balozi wa nyumba kumi, Ndugu Maganga, mtu mkunjufu aliyevaa fulana yenye matundu na beji ya chama. Yule bibi niliyemfuata alikuwa mama yake, Bibi Kalunde. Tulimkuta barazani anamenya karanga.

Nikapiga goti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe kabila gani?"

Chuoni tulikuwa tumefundwa swali hilo lisiulizwe wala lisijibiwe. "Mimi Mtanzania, Bibi," nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

"Safi sana, dada!" akasema Ndugu Maganga. "Siasa imekuingia."

Bibi hakusema safi. Alinitazama kidogo, akarudia karanga zake. Nilipomuuliza habari za upagazi akajibu, "Watu walibeba mizigo. Walikwenda pwani, wakarudi." Nikauliza walikula nini, waliimba nini, nani aliwaongoza. Akajibu, "Walikula chakula. Waliimba nyimbo." Nilishinda naye alasiri nzima, nikimenya karanga mpaka vidole vikauma, na sikupata kitu ambacho kitabu hakikuwa nacho. Nilipolala nilikuwa nimenuna kabisa. Nilimwona bibi mchoyo.

Jumamosi asubuhi tulikunywa uji wa mtama kwa asali. Nilikuwa nimeshaanza kukunja vitu vyangu niwahi treni ya kurudi. Bibi akasema, "Haya, Mtanzania. Hata nyumbani kwenu nako hakutajwi? Au nako serikali imekataza?"

Nikacheka bila kutaka. "Kisarawe, Bibi. Mimi Mzaramo."

Bakuli lake la uji lilitua chini. "Mzaramo!" Akapiga kelele kwa Kinyamwezi ambacho sikukielewa, majirani wakatoka majumbani, na kabla sijakaa sawa mama mmoja alikuwa ameondoka na mkoba wangu na mwingine amenivua kiatu. "Mtumwa wangu amejileta mwenyewe!" Bibi alikuwa anasema. "Amelala kwangu usiku kucha ananificha! Mwanangu, mfunge, atutwangie mpaka mavuno!"

Ndugu Maganga, kiongozi wa chama, ndiye aliyekishika kiatu changu cha pili.

Hapo sikuhitaji kufundishwa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kila mtoto wa kwetu anajua. "Nifungeni," nikasema, "lakini kwanza nirudishieni bahari yetu. Babu yangu aliwaona mkishuka na vibuyu kuja kuichota, mkidhani ni mchuzi uliotiwa chumvi tayari!"

Bibi alicheka hadi akashika ubao wa mlango. Kisha akajifuta macho, akanivuta niketi karibu yake, na mdomo wake ukafunguka.

Baba yake aliitwa Mihayo. Alikwenda pwani na mdogo wake, Kasanga, wamebeba pembe za ndovu. Walipoingia Uzaramo wote wawili wakashikwa na homa, na msafara haukuweza kungoja. Wakaachwa kando ya njia. Akatokea Mzaramo anayelima karibu na hapo, akauliza ni watu gani. Mihayo akajibu, Wanyamwezi. "Kumbe watumwa wangu!" akasema yule mtu, akawabeba mmoja mmoja hadi kwake. Kasanga hakupona. Mzaramo yule alimwosha, akamchimbia kaburi, na alipokuwa akimfukia akamgombeza: "Mvivu wee, umekufa ili ukwepe mzigo!"

"Baba alisema yeye mwenyewe alicheka," Bibi akaniambia. "Alikuwa analia, akacheka. Akasema bila kicheko kile na yeye angekufa."

Nililia mimi, pale barazani, bila viatu. Nilikuwa nimekuja kutafuta jina moja, na kumbe lango lake lilikuwa kabila langu, ambalo nilikuwa nimelificha kwa ujanja wa shule.

Jumapili nilijikomboa kwa kutwanga kinu kizima cha mtama, nikarudishiwa viatu, na treni ya jioni ikanirudisha mjini.

Jumatatu, darasani. Mkaguzi alikaa nyuma, mkufunzi kando yake. Kitabu nilikiacha bwenini. Niliandika ubaoni majina mawili, Mihayo na Kasanga, nikageuka. "Mimi Mzaramo," nikasema.

Darasa, lililojaa Wanyamwezi, likalipuka kwa kelele. Msichana wa dawati la mbele akanyanyuka akaninyang'anya chaki. Nikamwacha aishike. "Nani kakuruhusu kumfanyia mwalimu hivyo?" Akasema babu zake. "Na babu zako mimi walinijulia wapi?" Mvulana aliyekaa dirishani akajibu: "Njiani, wakibeba mizigo." Tukaanza safari hapo, kituo kwa kituo, hadi kaburi la Kasanga. Hakuna aliyesinzia.

Mkaguzi akasimama. "Ndugu mwanachuo, serikali inahangaika kuufuta ukabila, wewe unauingiza darasani?"

Sikukubali kurudishwa Kisarawe kwa jambo nililojua ni kweli.

"Ndugu mkaguzi," nikasema, "yule Mzaramo hakuuliza kabila lao ili awafukuze. Aliuliza ajue wajibu wake kwao. Mimi nilikataa kulitaja langu, nikakaa alasiri nzima na bibi yule kama watu wasiohusiana. Umoja wanaouimba watoto hawa kila asubuhi, mtu alishauonyesha kwa kumchimbia mgeni kaburi kwa mikono yake kabla hatujazaliwa. Nikiwaficha hilo, nitawafundisha nini?"

Mkaguzi akaketi.

"Endelea, Mwalimu," akasema.